Ombi Lililomezwa na Mvua

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua imefika leo bila hodi, nami nilikuwa nimetoka tu kuanika mashuka ya nyumba ya wageni. Nimekimbia uani huku na huku, nimeyaokoa yote isipokuwa moja, ambalo limeanguka kwenye tope na itabidi lifuliwe upya. Ndivyo msimu huu unavyoanza kila mwaka kwetu sisi madobi: mbingu zinafua, sisi tunakaa.

Jioni binti yangu amepiga simu. Chumba changu kwao kimeshapakwa rangi. "Mama, mvua ikikatika tu tunakuja na gari kukuchukua. Meza ya pasi mpe mtu. Umefua vya kutosha."

Nikamwambia nitafikiri.

"Unafikiri nini, mama? Hapo unakaa na nani?"

Tangu aolewe, nyumba hii ina sauti mbili tu, ya redio na yangu, na redio ndiyo inayosikilizwa.

Baada ya simu nimesali. Sala yangu ya kweli huwa naisali mezani, nikisubiri pasi ya mkaa ishike moto, maana hapo mikono haina kazi na mdomo hauna kisingizio. Nimemwuliza Mungu waziwazi: Baba wa mtoto ulimchukua, mtoto umempa mume, sasa mimi umenibakiza kwa kazi gani? Kama hapa nimemaliza, niambie nifunge mizigo. Kama sijamaliza, nionyeshe. Nimempa mpaka mvua ikatike. Najua Mungu hapangiwi muda, lakini mkwe wangu na gari lake wanangoja jibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimekausha soksi za watu juu ya jiko, moja moja, kama mtu anayechoma mahindi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo Jemadari amenikamata sokoni. Jemadari si jina lake. Alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana, akastaafu, lakini kuamsha watu hakustaafu: ndiye anayeongoza sala ya alfajiri kanisani kwetu. Ni mjane kama mimi, hakujaliwa mtoto, na nguo zake nafua mimi. Nikimrudishia, hukagua kola kwanza ndipo anisalimie.

"Mama Pasi," ameniambia mbele ya wauza mboga, "nakuona Jumapili tu, tena kiti cha nyuma karibu na mlango, utadhani unangoja basi. Jumatatu alfajiri nikukute kanisani."

"Dada, asubuhi nina kazi."

"Kazi gani na mvua hii?"

Nimesema nitakuja. Simpendi sana mwanamke huyu. Mungu anisamehe, lakini shajara hii ni yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nimekwenda, na nimerudi mgonjwa.

Kanisa letu halina dari. Juu ni mabati matupu, na mvua ikinyesha ni kama mtu anamwaga kokoto. Tulikuwa wachache: Jemadari, seremala anayeimba sauti ya besi, ambaye wote tunamwita Besi, jirani yangu Mama Pacha, na akina mama wengine wa mtaa wa chini. Desturi yao ni kila mtu kusimama na kutoa ombi lake, kisha wote wanamwombea. Besi aliombea mgongo. Mama Pacha aliombea mapacha wake wafaulu mtihani, lakini mmoja aombewe zaidi, na hakuona haya kumtaja ni yupi.

Zamu yangu ilipofika nilipiga moyo konde nikasimama. Sijawahi kusema haja yangu mbele za watu. Nilisema naomba wenzangu wanisaidie kumwuliza Mungu kuhusu kusudi, yaani kwa nini bado nipo. Hapohapo mvua ikaongezeka. Jemadari akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nini?"

"Kusudi!"

"Una nini?"

"Kusudi, dada! Kusudi!"

Uso wake ulibadilika. Macho yalimtoka, mdomo ukabaki wazi, kisha akaja akanishika mabega na kuwageukia wenzake kwa ile sauti ya bwenini: "Ndugu zangu, dada yetu ana kisukari!"

Wakanizunguka. Mikono kichwani, mikono mgongoni, mwingine amenishika sikio, sijui kwa nini. Nikapiga kelele, "Si kisukari!" Mama Pacha akaitikia kwa nguvu zaidi, "Amina! Si kisukari tena, kimeshindwa!" Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyokemea. Jemadari aliomba kuliko wote. Aliomba mpaka sauti ikamkauka na machozi yakamtiririka, na mimi, katikati ya hasira zangu, nikajiuliza mwanamke huyu alianza lini kunipenda kiasi hiki.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama Pacha ameingia kwangu bila kubisha hodi, amechukua kopo la sukari na kuondoka nalo. "Hii itakuua, jirani." Nimemfuata mpaka mlangoni nikimweleza. Amenitazama kwa huruma, na kopo hajarudisha.

Chai ya leo nimekunywa nimekunja uso.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefunga safari hadi kwa Jemadari kuliweka jambo sawa. Nyumba yake ni safi mpaka inatia hofu, kitanda kimetandikwa kama cha bweni. Nimekaa, nimeanza: "Dada, sina kisukari. Mimi nili…"

"Usimalize." Ameninyooshea kiganja. "Najua. Mtu akiambiwa, anakataa. Anasema maabara wamechanganya chupa. Anarudi nyumbani, anakaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza linaingia, hawashi hata taa. Usione aibu kwangu, mdogo wangu. Njoo alfajiri, tutapigana wote."

Akanisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake, akarudi yeye amelowa. Sikupata hata nafasi ya kulitamka lile neno. Hilo la viatu sijui amelijulia wapi.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nilisema yatosha. Mchungaji alipouliza nani ana neno, nilisimama, nikapita mbele, nikashika kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikatamka polepole, kila mtu asikie: "Ndugu zangu, mimi sina kisukari."

Kanisa lililipuka. Haleluya zilipanda, ngoma ikaitikia, Besi akaanzisha wimbo bila kuulizwa, akina mama wakanibeba juujuu hadi kwenye kiti, safari hii kiti cha mbele. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, nikapiga kelele, "Sijawahi kuwa nacho!" nao wakashangilia zaidi, eti hiyo ndiyo imani. Jemadari alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitambaa usoni, mabega yanatikisika.

Baada ya ibada nimemvuta mchungaji kwenye chumba chake kidogo wanamohifadhi viti, nimemsimulia yote. Ni mpole, hacheki hovyo, lakini leo alicheka mpaka akavua miwani. "Kusudi," anasema, "kisukari," kisha anaanza tena. Ameahidi kulisahihisha Jumapili ijayo. Kesho anasafiri kwenye mkutano wa wachungaji.

Jumatano, 22 Oktoba

Daraja limechukuliwa na maji. Mchungaji yuko ng'ambo, hawezi kurudi mpaka wajenge.

Basi. Waache washangilie, mimi nimechoka kukana.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ninakwenda kila alfajiri sasa. Nilijiambia nakwenda ili wasije kunigongea, lakini leo nimejikuta nimeamka kabla ya jogoo wa Mama Pacha na nimevaa kabla ya kufikiri.

Kuna kitu kuhusu kusali chini ya mabati yale. Husikii sauti yako mwenyewe, kwa hiyo huwezi kujipendezesha. Na ukitaka mwenzako akujue shida, lazima usogee umwambie sikioni. Nimejua mambo ya watu ambayo hata nguo zao hazikuwahi kuniambia. Mke wa Besi hajaongea naye tangu msimu uanze. Mama Pacha anampendelea yule pacha mmoja kwa sababu ndiye aliyetaka kumfia akiwa mchanga. Nilikuwa namwona mwanamke mpayukaji tu. Leo nimemshika mkono.

Besi ameniundia kichanja cha mbao juu ya jiko ili nikaushie nguo ndani. Tangu hapo watu wakitoka kusali wanapitia kwangu na nguo zao mbichi. Wanakaa kwenye mabenchi wanasubiri zikauke, wanapiga soga, wananisaidia kukunja, na wanakunja vibaya. Jana redio sikuiwasha.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimefungua furushi la Jemadari, nguo za ndani zote zimejaa sisimizi. Nimezikung'uta uani, nimezifua kando. Mkanda wa gauni lake la kijivu ameutoboa tundu jipya, la ndani zaidi, na lile la kwanza halijachakaa.

Alipokuja kuzichukua nimemtania, "Dada, unaficha asali kwenye sanduku la nguo? Sisimizi wamefanya harusi humu."

Nilidhani atanijibu, maana kwa majibu hana mfano. Amechukua kapu na kuondoka. Kola hakukagua.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua mchana kutwa. Ibada bila mchungaji, Besi amesoma neno kwa sauti ya chini kabisa kama anasoma akiwa kisimani. Binti amepiga: pazia za chumba changu anauliza nataka rangi gani. Nimesema zozote. Amesema, "Mama, hujaamua bado?" Nimesema mvua bado.

Jumanne, 4 Novemba

Jemadari amesali amekaa. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Anasema viatu vyake vya mvua vinambana.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo Jemadari amekuja kwangu mwenyewe, akichechemea, na mkononi ana kopo langu la sukari. Amekwenda kumnyang'anya Mama Pacha. "Umepona," ameniambia. "Utakunywaje chai chungu kama mtu asiyetendewa jambo?" Akapika mwenyewe, akaniwekea vijiko vilivyojaa, na kwenye kikombe chake vilevile.

Tumekaa mpaka mkaa ukafa. Amenisimulia bwenini: wasichana waliokuwa wakilia usiku wa kwanza na kujifunika shuka wasisikike, naye akawa anapita na kujifanya anakagua vyandarua ili akae kidogo kwenye kila kitanda. "Wengine ni mabibi sasa," alisema. "Lakini mimi kila jioni bado navihesabu vile vitanda kichwani. Nikivimaliza nakumbuka kuwa niko peke yangu."

Nilimwangalia anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Wiki hizi zote nilikuwa namwona mtu wa amri tu. Kumbe amri ndiyo njia aliyobaki nayo ya kumgusa mtu. Nampenda. Nimeandika hapa mwanzoni kwamba simpendi, sifuti, lakini leo naandika hivi.

Amekunywa maji mengi sana kabla ya kuondoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Jemadari hakuja kusali. Tumesali bila yeye kila mtu akiangalia mlango.

Jumanne, 11 Novemba



Asubuhi hakuja tena. Nilirudi nyumbani, nikafungua furushi lake la wiki hii ili angalau nifue. Kulikuwa na soksi moja imekauka ikawa ngumu, na harufu niliyoisikia hapo si ya jasho wala tope. Miaka yote nimefua damu za watu, najua damu inavyonuka. Ile haikuwa damu peke yake. Nimeliacha beseni pale pale, nimetoka bila mwavuli.

Mlango ulikuwa haujafungwa. Amelala kitandani, pumzi fupifupi, midomo imekauka. Nimefunua blanketi miguuni kabla hajanikataza. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, na kidonda kimepanda hadi kwenye unyayo.

"Viatu tu," alisema. "Vilinichubua."

"Dada, hiki si cha viatu."

Akageuza uso ukutani. Akaniambia yote akiangalia ukuta. Siku chache kabla sijasimama kutoa ombi, daktari alikuwa amemwambia ana kisukari, tena kimekaa muda mrefu. Alipewa vidonge. Alirudi, akakaa kitandani na viatu miguuni. Hakumwambia mtu. Kisha akanisikia mimi chini ya mvua.

"Nikasema, kumbe tuko wawili. Nikakuombea wewe na kujiombea mimi humo humo, hakuna aliyejua. Halafu Jumapili ile ukasimama ukasema huna tena. Mdogo wangu, sijawahi kufurahi namna ile. Nikasema kama Mungu amemtendea anayekaa kiti cha nyuma, mimi je? Nikarudi nyumbani nikatupa vidonge chooni."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Dada," nikasema, "sikupona. Sikuwa naumwa."

Akageuka.

"Nilisema kusudi. Niliomba Mungu anionyeshe kusudi. Wewe ukasikia kisukari."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Alitamka polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma: "Ku-su-di." Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, nikamshikilia kichwa asizibwe pumzi, na sijui ni wakati gani kile kicheko chake kiligeuka kilio.

"Kila mtu aliyefungua mdomo siku zile nilisikia kisukari," alisema. "Hata kwenye salamu. Mbona hukuniambia?"

"Ulinizuia nisimalize. Na baadaye nikachoka. Nilipaswa kukushika mashavu nikwambie."

"Kwa hiyo Mungu hakunijibu kitu."

Hilo lilinichoma. Ningeweza kumpa neno zuri la kanisani, lakini nilikuwa nimeona kidole kile. "Sijui, dada. Ninalojua ni kwamba tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Siendi." Akanishika mkono kwa nguvu. "Mimi ndiye ninayewaombea. Wakijua nimeoza mguu, nani ataamka tena alfajiri? Watasema maombi yangu ni upepo."

"Watasema unaumwa," nikamwambia. "Nyanyuka."

"Mama Pasi, usiniamrishe."

"Nakuamrisha. Nyanyuka!"

Amenitazama jinsi wasichana wale bila shaka walivyokuwa wakimtazama yeye. Akanyanyuka.

Magari hayafiki mtaa wetu kwa tope. Nimemwita Besi, akaja na mkokoteni wake wa mbao, tukatandika godoro na turubai juu. Besi akavuta, Mama Pacha na mimi tukasukuma, na Jemadari, homa imempanda, alishika mwavuli na kutoa maelekezo: kushoto, kulia, shimo hilo, Besi huna macho? Njia nzima nilisali kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Nilisema neno moja tu: Usimchukue. Usimchukue.

Jumatano, 12 Novemba

Wamemwekea dripu. Daktari anasema sukari ilikuwa imepanda mno, tungechelewa siku nyingine asingefika hai. Mguu hajui. Wanasafisha kidonda na kuangalia kama weusi unapanda. Ukipanda, watakata chini ya goti.

Alhamisi, 13 Novemba

Haujapanda.

Ijumaa, 14 Novemba

Alfajiri watu walijaa kuliko kawaida. Walinitazama mimi. Nilikuwa nimemwahidi Jemadari kwamba ugonjwa atautaja mwenyewe, kwa hiyo nilisema amelazwa kwa ajili ya mguu, basi. Besi na Mama Pacha, waliouona, nao walinyamaza. Sikujua Mama Pacha anaweza.

"Tuombee, Mama Pasi," Besi akasema.

Sina maneno ya kanisani. Nimefumba macho nikaongea na Mungu kama ninavyoongea naye mezani mkaa ukishika. Nilimwambia huyu mwanamke anakagua kola, ana mdomo, anatuamsha, na hatujui kuishi bila kuamshwa. Sikuweza kumaliza. Wenzangu walimalizia.

Jumanne, 18 Novemba

Wamekata kidole gumba na kile cha pili. Mguu umebaki. Nimelia kwenye korido mpaka mfagiaji akaniletea kiti.

Jumapili, 23 Novemba

Daraja limeunganishwa, mchungaji amerudi, na baada ya ibada kikundi chote cha alfajiri kimekwenda wodini. Jemadari alikuwa ameketi, amesukwa nywele na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Aliwangoja mpaka wote wakatulia.

"Nina kisukari," alisema. "Nilitupa dawa. Mlikuwa mnaniombea bila kujua."

Niliona anavyolikamata shuka. Mama Pacha, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa kumefika mwisho, akauliza, "Kama kile cha Mama Pasi?"

"Mama Pasi hakuwa nacho! Mama Pasi aliomba kusudi. Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Mchungaji alianza kucheka, maana alikuwa amekihifadhi kicheko hicho tangu ng'ambo ya mto. Kisha Besi, na Besi akicheka vitanda vinatikisika. Muuguzi akaja mbio kutufukuza, akaelezwa, akasimama mlangoni ameshika mbavu.

Walipotulia, nilingoja mtu aseme lile aliloliogopa Jemadari, kwamba maombi yake ni upepo. Hakuna aliyelisema. Mama mmoja wa mtaa wa chini akasogea, akauliza kwa aibu, "Dada, tukuwekee mikono?" Nikakumbuka kwamba tangu nianze kwenda kanisani alfajiri sijawahi kuona mtu akimwombea Jemadari. Yeye hakuwahi kusimama kutoa ombi. Tulimzunguka. Alikuwa mdogo sana chini ya mikono yetu yote, na aliitikia amina kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Mchungaji akamwambia vidonge na maombi vikae meza moja. "Ndiyo, baba," alijibu, akamnyoosha kola.

Jumatano, 26 Novemba

Jua. Nimefua tangu asubuhi, kamba zote zimejaa, na bado kuna marobota mlangoni.

Binti amepiga. "Mama, huku kwetu mvua imekatika."

"Hata huku."

"Jumamosi tunakuja. Wote wawili."

Nimemwambia njooni.

Usiku sikusali sana. Nimekaa tu mezani, pasi imepoa.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamefika mapema, mwanangu amenenepa, amependeza. Alikuta mabenchi yamejaa watu wanakunja nguo, akadhani kuna msiba. Mkwe wangu alifungua buti ya gari na kuuliza mizigo iko wapi. Nikawaambia kwanza nipelekeni hospitali, leo dada yangu anaruhusiwa. "Dada yako yupi?" binti akauliza. Njiani nikamwambia, na sijui kama alinielewa, kwa sababu nilikuwa naongea kwa fujo.

Wodini muuguzi alikuwa na mfuko wa dawa na sindano zilizopangwa vizuri. Akasema vidonge peke yake havitoshi tena, atachoma sindano kila siku, asubuhi na jioni. Kidonda nacho kisafishwe kila siku. Macho ya mgonjwa yamefifia na mikono inatetemeka, hawezi kujichoma mwenyewe, na hawawezi kumruhusu kwenda kwenye nyumba tupu. Alimwangalia Jemadari, na Jemadari, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinamisha kichwa, akawa anavuta uzi kwenye shuka.

Muuguzi akanigeukia, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu.

"Huyu mgonjwa ana nani?"

Sikufikiri. Nimefikiri msimu mzima na kwa hilo sikufikiri hata kidogo.

"Ana mimi," nikasema.

Muuguzi akanivutia kiti na kunionyesha jinsi ya kushika sindano. Nyuma yangu binti yangu alikuwa amesimama, na amesikia. Alipita, akauchukua ule mfuko wa dawa mezani, akamwambia mumewe alete gari mlangoni atupeleke nyumbani kwangu, mama yake mkubwa asitembee.